Bukavu: Waya wa pasi hukatika kila mara mahali pale pale, na dawa yake ni kidude ambacho wengi hutupa

Jumatatu asubuhi, katika nyumba ninayopanga komine ya Kadutu, mjini Bukavu, nilikuwa nanyoosha shati kabla ya kwenda kazini. Pasi ilipata moto dakika chache, kisha ikapoa. Nikazungusha waya kidogo pale unapoingia kwenye mkono wa pasi, kama tunavyofanya wengi, na moto ukarudi. Nikazungusha mara ya pili. Hapo cheche ya buluu ikatoka karibu na kidole changu gumba, ikafuatwa na harufu ya plastiki inayoungua. Nikakimbilia kuchomoa fishi kwenye prizi. Ganda la waya lilikuwa jeusi, na juu ya meza ilibaki alama ya moto yenye ukubwa wa kifuniko cha chupa. Mtoto wa jirani, mwenye miaka minne, alikuwa ameketi chini kando ya meza hiyo, akichezea waya huo huo.

Pasi hiyo ilikuwa imetengenezwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Mara zote mbili waya ulikuwa umekatika mahali pale pale, sentimita moja au mbili kutoka kwenye tundu. Mara zote mbili fundi alikata kipande kilichoharibika, akaunga upya, akazungushia skochi, nikalipa na kurudi nyumbani nikiamini kazi imekwisha.

Safari ya tatu niliipeleka kwa fundi mwingine, upande wa Nyawera. Nilitegemea aanze kukata waya kama wale wa kwanza. Hakuugusa. Alifungua visi mbili, akaangalia ndani ya mkono wa pasi, kisha akauliza kibano kiko wapi. Sikujua kibano ni nini. Akanionyesha matundu mawili ya visi yaliyokaa bure ndani ya plastiki, moja kila upande wa njia ya waya. Akaeleza kwamba hapo palikuwa na kipande kidogo cha plastiki kinachobana waya ili usivutwe kutoka nje. Aliyeunga mara ya kwanza alikitoa ili apitishe waya kwa urahisi, kisha akakisahau au akakitupa. Wa pili pengine hakujua kama kiliwahi kuwepo.

Kipande hicho hakipitishi kuranti hata kidogo. Pasi hupata moto vizuri bila hicho, na ndiyo maana hutupwa. Lakini bila hicho waya hauwezi kudumu.

Kamba hukatikia pembamba, waya hapana

Wazee wanasema kamba hukatikia pembamba. Kwa waya wa umeme mambo ni tofauti kidogo. Chukua waya wa sharjeri yoyote iliyokufa hapo nyumbani. Ni mwembamba sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini haukatiki katikati. Hukatika karibu na kichwa chake, pale waya laini unapokutana na plastiki ngumu.

Sababu si ngumu kuelewa. Sehemu ya katikati ikivutwa au kukunjwa, hujikunja kwa duara pana, na mzigo hugawanyika katika urefu mkubwa. Lakini kwenye mdomo wa tundu, upande mmoja umeshikwa na hausogei, upande mwingine unachezacheza. Mkunjo wote unabanwa katika milimita chache. Kila unapopiga pasi huku na huku, kila unapozungusha waya kwenye pasi kabla ya kuiweka kabatini, ni milimita hizo hizo zinazoumia.

Ndani ya ganda kuna nyuzi za shaba. Waya wenye unene wa milimita mraba 0,75, ambao hutumika sana kwenye vyombo vidogo vya nyumbani, kwa kawaida una nyuzi 24 katika kila mshipa, kila uzi ukiwa na milimita 0,2 tu. Haziwi nyembamba hivyo kwa ajili ya kuokoa shaba. Kitu kinapokunjwa, upande wake wa nje hunyooshwa na upande wa ndani hufinywa. Kadiri kinavyokuwa kinene, ndivyo upande wa nje unavyonyooshwa zaidi kwa mkunjo ule ule. Waya wa ukutani wa milimita mraba 1,5, wenye mshipa mmoja mgumu, una kipenyo cha karibu milimita 1,4. Waya laini wenye kiasi kile kile cha shaba una nyuzi kama 30, kila mmoja milimita 0,25. Kwa mkunjo mmoja, uzi wa waya laini hunyooshwa zaidi ya mara 5 chini ya ule mshipa mgumu.

Ndiyo maana waya wa ukutani haufai kamwe kwa ralonje au pasi. Umeundwa kukunjwa mara moja, siku ya kufungwa ukutani, kisha kutulia miaka mingi. Ukiusogeza kila siku utakatika ndani ya muda mfupi, hata kama ni mnene na unaonekana imara. Hata hivyo, ralonje za namna hiyo zinauzwa kila siku katika masoko yetu.

Metali nayo huchoka

Wengi wetu tumewahi kukata msumari mwembamba au waya wa kufungia kwa kuukunja huku na huku kwa mikono. Hakuna mtu mwenye nguvu za kuukata kwa kuuvuta, lakini ukikunjwa mara kumi au ishirini unakatika wenyewe. Wahandisi wanasema metali imechoka.

Jambo hili lilijifunzwa kwa gharama kubwa. Mwaka 1842, ekseli ya gari moshi ilivunjika huko Meudon, karibu na Paris, na watu wengi wakafa. Ekseli hiyo haikuwa imebebeshwa mzigo mkubwa kupita kiasi siku hiyo. Ilikuwa imechoka. Miaka iliyofuata, mhandisi Mjerumani wa reli, August Wöhler, alitengeneza mashine za kukunja ekseli mfululizo, akihesabu ni mara ngapi zinakunjwa kabla ya kuvunjika. Alionyesha kwamba mzigo mdogo unaorudiwa mara nyingi unaweza kuvunja chuma ambacho kingebeba mzigo mkubwa zaidi ya huo kwa mara moja bila tatizo.

Uzi wa shaba ndani ya sharjeri hufa hivyo hivyo. Haufi siku uliyovuta kwa nguvu. Hufa polepole, uzi mmoja baada ya mwingine, huku nje ganda likiwa bado zima. Siku unapoanza kutafuta namna ya kulaza waya ili simu ipate chaji, ujue nyuzi nyingi zimekwisha kukatika na zile chache zilizobaki zinagusana kwa bahati.

Kwa nini disjonktere haikuonya

Mioto ya nyumba si habari ngeni Bukavu. Kadutu, yenye nyumba nyingi za mbao zilizobanana kwenye miteremko, imeungua mara nyingi, na kila mara maneno mawili hurudi katika midomo ya wakaaji: mshumaa na kuranti. Watu wengi hudhani kuranti huleta moto pale nyaya mbili zinapogusana na kulipuka. Hiyo ni njia moja, na kwa njia hiyo disjonktere au fizibo husaidia, kwa sababu kuranti inapanda ghafla na kukatwa.

Waya uliokatika nusu ni hatari ya aina nyingine. Pasi ya wati 1000 kwenye volti 220 huvuta karibu ampere 4,5. Pale nyuzi zilipokatika, kuranti yote hiyo inalazimika kupita kwenye nyuzi chache au kwenye ncha zinazogusana vibaya. Tuseme mguso huo mbaya unaleta upinzani wa ohm 1 tu. Moto unaozalishwa hapo ni 4,5 mara 4,5 mara 1, yaani karibu wati 20. Hizo ndizo wati za chuma kidogo ambacho mafundi wa radio hutumia kuyeyusha etani. Ni sawa na kuwa na chuma cha namna hiyo, kimewashwa, ndani ya ganda la plastiki, sentimita chache kutoka kwenye shati, godoro au pazia.

Na disjonktere? Haioni kitu. Kwake yeye, ampere 4,5 ni kuranti ya kawaida kabisa. Hata hupungua kidogo. Itaendelea kupitisha mpaka plastiki iyeyuke na nyaya mbili zigusane, na wakati huo moto unaweza kuwa umeshaanza. Ndiyo sababu usalama wa waya hauwezi kuachiwa sanduku la ukutani. Unategemea jinsi waya ulivyoshikwa.

Kazi mbili, vishikio viwili

Kanuni inayobeba mambo yote haya ni moja: mahali panapopitisha kuranti pasipewe kazi ya kubeba mvuto. Shaba ipitishe umeme. Kuvutwa, kukunjwa na kusokotwa kubebwe na kitu kingine, kabla mvuto haujafika kwenye kiungo.

Ukifungua chombo kilichotengenezwa vizuri utaona kanuni hii katika sehemu tatu. Ya kwanza ni kibano, kinachoshika waya kwa ganda lake la nje. Ukivuta waya, ganda na kibano ndivyo vinavyopokea. Ya pili ni ule mpira wenye umbo la karoti unaotokeza kwenye tundu, mara nyingi wenye mikato mikato. Wengi hufikiri ni pambo. Kazi yake ni kuondoa ile sehemu ambapo pagumu panakutana ghafla na palaini: karibu na chombo ni mnene na mgumu, ukielekea nje unakuwa mwembamba na laini zaidi, hivyo mkunjo unagawanyika badala ya kukaa mahali pamoja. Ya tatu ni kiasi kidogo cha waya kilicholegea ndani, kati ya kibano na kiungo. Waya ukisogea kidogo, kiasi hicho kinanyooka, kiungo hakisikii kitu.

Kuna jambo la nne ambalo halionekani kwa haraka. Kwenye chombo chenye waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano, waya huo huachwa mrefu kuliko wenzake ndani ya chombo. Ikiwa siku moja kibano kitashindwa na waya kuvutwa, zile zinazobeba kuranti zikatike kwanza, na waya wa ardhi ukatike mwisho. Ukikatika wa kwanza, mwili wa chuma wa chombo unaweza kubaki na kuranti bila mtu kujua, mpaka atakapougusa.

Tume ya kimataifa ya ufundi wa umeme, inayojulikana kwa herufi IEC, imeweka kanuni hizi katika maandishi yake yenye namba 60335 kuhusu vyombo vya nyumbani. Jaribio lake linaeleweka hata bila mashine. Waya huwekwa alama karibu na kibano, kisha huvutwa mara 25, kila mara kwa sekunde moja. Chombo kisichozidi kilo 1 huvutwa kwa nguvu ya niutoni 30, sawa na uzito wa kilo 3 hivi. Chombo cha kati ya kilo 1 na 4, kama pasi nyingi, huvutwa kwa niutoni 60, yaani uzito wa kilo 6, zaidi kidogo ya bidoni ya lita 5 iliyojaa maji. Chombo kizito zaidi huvutwa kwa niutoni 100. Baada ya hapo alama isiwe imesogea zaidi ya milimita 2. Waya za vyombo vinavyosogezwa wakati wa kazi hukunjwa pia kwa mashine maelfu ya mara, na mwishoni nyuzi zilizokatika katika mshipa wowote zisizidi asilimia 10. Kwenye mshipa wa nyuzi 24, hizo ni nyuzi 2 tu.

Pasi yangu isingefika popote katika jaribio hilo. Fundi wa Nyawera aliivuta mara moja, kwa vidole viwili, na waya ukatoka nusu sentimita.

Fundo la waya: msaada wa zamani

Mafundi wetu wengi hupiga fundo ndani ya duyi ya ampuli au ndani ya fishi ili waya usichomoke. Si jambo la kuchekwa. Marekani, taa za kuning'inia zilifungwa kwa fundo maalumu la nyuzi mbili kwa miaka mingi, na fundo hilo lilipewa jina kutokana na watu wa bima. Makampuni ya bima yalikuwa yakilipa hasara za mioto iliyoanzia kwenye umeme, na mwaka 1894 mhandisi William Henry Merrill alianzisha mjini Chicago maabara ya kupima vifaa vya umeme kabla ya kuuzwa, ambayo ndiyo mwanzo wa alama ya UL inayoonekana mpaka leo chini ya sharjeri na vyombo vingi.

Lakini kanuni za kimataifa za leo hazikubali kiwanda kitegemee fundo kama kishikio cha waya wa pasi au wa birika. Fundo hukunja nyuzi kwa ukali pale pale tunapotaka zipumzike, na atakayetengeneza baadaye anaweza kulisahau. Kwenye duyi ya taa isiyosogea, fundo ni bora kuliko kuacha waya uning'inie kwenye visi. Kwenye pasi, fundo peke yake halitoshi.

Kusude si dawa ya kila kitu

Hapa ndipo wengi hukosea, wakiwemo mafundi wenye uzoefu. Kusude, yaani kulehemu kwa etani, huonekana kama njia imara kuliko zote. Kwa kupitisha kuranti, ni kweli. Kwa kubeba mvuto, hapana.

Etani ikiyeyuka hupanda ndani ya nyuzi kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa taa. Ikipoa, nyuzi zote 24 zimekuwa kijiti kimoja kigumu. Mwisho wa kijiti hicho, pale etani ilipoishia chini ya ganda, panazaliwa tena kile tulichokimbia: pagumu kukutana na palaini. Pasi yangu ilikatika mara ya pili milimita chache kutoka kwenye etani ya ukarabati wa kwanza. Aliyeunga alifanya kazi safi, yenye kung'aa. Alijenga mahali papya pa kukatikia.

Kosa la pili ni kupaka etani kwenye ncha ya waya kabla ya kuiingiza chini ya visi, kwenye domino au kwenye fishi. Ncha inaonekana nzuri, nyuzi hazitawanyiki. Lakini etani ni metali laini. Ikikandamizwa muda mrefu hutambaa polepole na kuondoka chini ya visi. Baada ya miezi kadhaa visi imelegea bila kuguswa na mtu, na mguso mbaya umeanza kutoa moto. Njia bora ni kusokota nyuzi vizuri bila etani, au kutumia kosi, kile kikombe kidogo cha metali kinachobanwa kwenye ncha ya waya kwa koleo yake.

Je, basi kusude kuachwe? Hapana. Kuwe tu mahali ambapo kiungo hakisogei. Ukisude waya kwenye betri ya torshi au kwenye kadi ya radio, ushike waya huo kwa kibano, kwa kamba ya plastiki au kwa gundi ngumu kiasi, sentimita moja au mbili mbele ya kiungo, kwenye sehemu ambayo bado ina ganda. Mkunjo uishie hapo, usifike kwenye etani.

Sharjeri: biki, skochi na tundu la simu

Kwa wengi wetu, chombo kinachokatika zaidi si pasi bali sharjeri. Walioibuni soketi ya simu walifikiria jambo hili. Soketi ndogo aina ya micro-USB, iliyotangazwa mwaka 2007, iliundwa kuhimili kuchomekwa na kuchomolewa mara 10 000, wakati ile pana ya zamani ya kompyuta ilipangiwa mara 1 500. Pia springi ndogo zinazoshika, ambazo ndizo huchakaa, ziliwekwa kwenye kichwa cha waya badala ya ndani ya simu. Maana yake ni kwamba kitu cha bei ndogo ndicho kife kwanza, si simu. Soketi mpya ya USB-C nayo imepangiwa mara 10 000.

Ukichaji simu mara 3 kwa siku, mara 10 000 ni karibu miaka 9. Mbona basi sharjeri zetu hazimalizi hata miezi michache? Kwa sababu hesabu hiyo ni ya kuchomeka na kuchomoa kwa kunyooka. Haihesabu kulala ukitumia simu huku waya umejikunja kifuani, wala kuchomoa kwa kuvuta waya badala ya kushika kichwa. Na sharjeri nyingi za bei ya chini zinazouzwa barabarani zina mpira mfupi na mgumu kwenye shingo, unaofanana na ule wa kweli kwa umbo lakini haukunjiki hata kidogo. Mpira usiokunjika si kinga. Ni ukuta mwingine wa kukatikia.

Watu wamebuni dawa zao. Springi ya biki iliyozungushwa kwenye shingo ya waya husaidia, kwa sharti moja: nusu yake ikae juu ya kichwa kigumu na nusu juu ya waya. Ikikaa yote kwenye waya, inahamisha tu mahali pa kukatikia. Skochi iliyorundikwa kama bandeji ni mbaya kwa sababu hiyo hiyo. Ukiwa na skochi pekee, izungushe kama ngazi: tabaka nyingi karibu na kichwa, kisha chache, kisha moja, ikiishia sentimita 3 hivi mbele. Kinachotafutwa ni ugumu unaopungua polepole.

Shaba na etani vinatoka kwetu

Kuna jambo linaloumiza katika habari hii. Shaba ya nyaya duniani hutoka kwa wingi Kolwezi na Likasi, na Kongo ni miongoni mwa nchi zinazoongoza kwa kuichimba. Etani hutokana na kasiterite, na kasiterite ni jina linalojulikana na kila mtoto wa Walikale, Shabunda na Kalehe. Vyote viwili huondoka kama mawe na kurudi kama sharjeri ya kutupa baada ya miezi miwili.

Lakini si kila kitu kinatoka nje. Bukavu, Goma, Butembo na Uvira kuna vijana wanaounda bafle, ralonje, taa za sola, hata mashine za kutotoa vifaranga. Kazi yao hununuliwa na majirani. Kinachoangusha vyombo vingi vya aina hii si ubongo wake wa umeme, bali tundu ambalo waya unapitia. Bati lililotobolewa kwa msumari lina ukingo mkali unaokata ganda kidogo kidogo. Pete ya mpira, hata iliyokatwa kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, huzuia hilo. Waya uliotoka moja kwa moja kwenye betri hadi nje, bila kibano wala kiasi kilicholegea, utang'oka siku ya kwanza mtu atakapoikwaa taa gizani. Marekebisho haya hayahitaji shule kubwa. Yanahitaji visi mbili na dakika tano kabla ya kufunga sanduku.

Unachoweza kufanya leo nyumbani

Kwanza chomoa fishi kwenye prizi. Usikague kitu chochote kikiwa na kuranti.

Shika waya pale unapoingia kwenye chombo na uuvute kwa kiasi. Ukisogea, kibano hakipo au kimelegea. Chombo kisirudi kwenye prizi mpaka kitengenezwe.

Kunja waya polepole kwenye shingo yake na upapase. Palipo laini kama kitambaa, pasipo na kijiti ndani, nyuzi zimekatika. Ganda lililobadilika rangi au kuyeyuka ni alama ya moto uliokwisha kuanza.

Ukimpelekea fundi, mwombe akate waya mpaka penye nyuzi nzima na zenye rangi ya kung'aa, arudishe mpira wa shingo na kibano, na aache waya wa ardhi mrefu kuliko mingine. Usiondoke kabla ya kuuvuta mbele yake.

Usizungushe waya kwa kukaza kwenye pasi, hasa ikiwa bado ina moto. Uukunje kwa duara pana. Na unapochomoa, shika fishi, usivute waya.

Pasi yangu imerudi nyumbani. Yule fundi wa Nyawera ana boati la maziwa ya unga lililojaa vibano alivyotoa kwenye pasi, birika na radio zilizokufa; wateja humwachia vyombo vibovu na yeye huweka kando vipande hivyo kabla ya kuuza vingine kama vyuma chakavu. Alichagua kimoja, kikatoshea kwenye matundu yale mawili. Waya wenyewe niliununua mpya. Kibano hakuniuzia, alinipa bure.

Mtoto wa jirani bado anakuja asubuhi kukaa chini ya meza. Sasa ninapiga pasi upande wa pili wa chumba, na waya haupiti tena mahali anapochezea.